Kuosha Pua kwa Mkono wa Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimeosha pua asubuhi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ilivyoagizwa. Tundu la kulia limepitisha kidogo. La kushoto limekataa kabisa. Yametoka mabonge ya damu nyeusi na kitu kama utando. Maji mengi yameishia kooni. Nimetapika.

Siipendi kazi hii. Mtu wa umri wangu kusimama juu ya beseni na kujimiminia maji puani kwa chupa ya kuminya ni jambo la kudhalilisha. Ninaliandika hivyo kwa kuwa ndivyo ninavyoliona.

Hata hivyo, lazima lifanyike. Daktari wa Mbeya alinieleza kabla sijaruhusiwa kutoka. Ameondoa vinyama vilivyoziba pua yangu kwa miaka mingi, akaifungua mifuko ya hewa iliyo nyuma ya mashavu. Sasa humo ndani ni kidonda kitupu. Kisipooshwa asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, kuta zake zitashikana na itabidi nirudi kwenye meza ya upasuaji. Mtaalamu wa usingizi naye hakunificha: moyo wangu ulisumbua chini ya nusu kaputi. Hapendi kunilaza tena. Nami sipendi kulazwa naye.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea maji haya. Ninaogopa.

Jumanne, 3 Juni

Baridi kali. Ukungu ulikaa juu ya migomba hadi karibu adhuhuri.

Anayeandaa maji ni mkwe wangu, Tusekile. Ni mke wa mwanangu Ambakisye, ambaye yuko Dodoma kwa kazi ya ujenzi. Tangu mke wangu afariki, tumebaki wawili katika nyumba hii ya Ibighi, hapa Tukuyu, mimi na Tusekile, na hatujawahi kutazamana usoni. Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa. Tunaiita kutila. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, hali chakula pamoja naye, hapiti mbele yake. Tukikutana njiani, yeye huiacha njia, akainama pembeni na kitenge kichwani hadi nipite. Wengi wa mjini wameiacha desturi hii. Tusekile hakuiacha. Alilelewa Suma, na mama aliyeishika sawasawa. Nami sikumwomba aiache.

Huchemsha maji kwenye jiko la nje. Huyaacha yapoe hadi yabaki na joto la mwili, huyatia katika chupa ya chai, huiweka chupa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hukohoa, huondoka. Ndipo mimi hutoka. Sijawahi kukuta maji ya moto mno. Sijawahi kukuta maji ya baridi. Hakuna siku aliyochelewa, hata leo, ambapo kuni zilikuwa mbichi kwa ukungu na nilimsikia akilipuliza jiko kwa muda mrefu.

Nimekuwa mwalimu mkuu. Nimewasimamia watu wengi. Wachache walifanya kazi yao hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Leo limetokea jambo ambalo sikulitarajia.

Nilikuwa kwenye baraza ya nyuma ninaosha pua, kichwa nimekiinua juu, kama mtu anayetiwa matone ya dawa. Maji yakashuka kooni, kama siku zote. Nikapaliwa. Nikakohoa, nikatema. Mara, nyuma ya ukuta wa jiko, nikamsikia Tusekile akigombeza kuku.

"Wewe kuku! Nani alikufundisha kuinua kichwa? Ndiyo maana unapaliwa kila siku. Inama! Inama hadi uone vidole vyako. Haya, geuza shingo pembeni. Fungua mdomo, sema 'kaaa', maji yatokee upande wa pili. Au unangoja nije nikushike shingo?"

Kuku wote walikuwa bado bandani. Hapakuwa na kuku hata mmoja uani.

Nilisimama na chupa mkononi. Nilikasirika. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo, hata marehemu mke wangu, ambaye hakuwa mpole.

Kisha nikainama. Nikageuza shingo. Nikafungua mdomo, nikasema "kaaa". Maji yakaingia kulia yakatokea kushoto, mara ya kwanza tangu nitoke hospitali. Hayakugusa koo.

Sasa nimekumbuka. Siku muuguzi aliponifundisha, Tusekile alikuwa kwenye korido, nje ya mlango, kwa kuwa hakuweza kuingia nilimokuwa. Mimi nilisikiliza nikiwa na kizunguzungu cha dawa. Yeye alisikiliza akiwa mzima. Na siku zote hizi amekuwa akinisikia kupitia ukuta, akajua kwa sauti ya maji tu kwamba ninakosea. Akavumilia. Alipoona sitajirekebisha mwenyewe, akatafuta kuku.

Ninamstahi. Naandika hivyo bila kupunguza.

Ijumaa, 6 Juni

Kuku amegombezwa tena. "Taratibu! Unaminya kama unakamua blanketi. Masikio yako yatakuuma, usije ukanilalamikia."

Nimeminya taratibu. Masikio hayajauma.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda ibadani. Nimekatazwa kukaa kwenye watu wengi kwa sasa. Nimeimba peke yangu, sauti ya pua. Mbaya.

Mchana Ambakisye amepiga simu. Tusekile amefiwa na shangazi yake huko Suma na lazima aende msibani. "Baba, ameacha chupa mbili za maji. Yakiisha, chemsha mengine. Amesisitiza: ya kwenye ndoo usiyatumie yalivyo."

Nilimwambia kwamba nilikuwa ninachemsha maji kabla yeye hajazaliwa. Akacheka. Sikupenda kicheko chake.

Jumatatu, 9 Juni

Chupa zimekwisha.

Nilitaka kuwasha jiko. Kuni zilikataa. Moshi ulinijaa machoni, nikaogopa kukohoa na kuanza kutoka damu. Nikatazama ndoo. Maji haya yanatoka chemchemi, na chemchemi inatoka mlimani, chini ya mawe na msitu. Tumeyanywa hivi hivi tangu utotoni, tumezeeka nayo. Wageni wakija Tukuyu hatuwapi sifa ya kitu kingine kabla ya maji yetu. Watu wa huku tunachemsha maji ya chai na maji ya ugali. Maji ya kunywa hatuchemshi, na anayechemsha tunamwona kama ametutukana.

Nikatia pakiti ndogo ya chumvi niliyopewa hospitali, nikaosha. Yalikuwa ya baridi, yakauma hadi utosini. Yalipita. Jioni nikafanya vilevile. Sioni ubaya.

Jumatano, 11 Juni

Shavu la kushoto zito. Nikiinama linapwita. Uchafu unaotoka umegeuka rangi: jana ulikuwa mweupe, leo ni wa manjano. Nina homa.

Tusekile amerudi. Jioni ameweka maji, akakohoa, akaondoka. Nimeosha. Upande wa kushoto haukupitisha hata tone. Nilingoja sauti nyuma ya ukuta. Hakugombeza kuku. Hilo lilinitia hofu kuliko homa.

Ninajua nilichokifanya. Sijamwambia mtu. Ni aibu, na siku ya kliniki ni wiki ijayo.

Alhamisi, 12 Juni

Mikono inatetemeka kwa homa. Asubuhi nimeiangusha chupa ya kuminyia, ikabingirika hadi kwenye majani. Sikuweza kuinama kuiokota.

Kabla ya saa sita dada yangu, Anyisile, amefika kwa bodaboda kutoka Lupepo, amevaa makoti mawili. Ni Tusekile aliyemwita. Dada ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho, lakini uso wangu aliuona.

"Gwe! Mbona shavu limekuwa boga? Umekula nini?"

Nikamweleza habari ya maji ya ndoo. Nilisema kwa sauti ya chini. Jikoni mfuniko ukaanguka sakafuni. Kisha Tusekile akamwambia dada, polepole, kwa sauti ya kupita ukutani:

"Shangazi, nisaidie kumwuliza kuku huyu. Maji ya kunywa yanashuka tumboni, na tumboni kuna moto wake. Kidonda kina moto gani?"

Dada akanigeukia. "Umesikia ulivyoulizwa?"

"Nimesikia."

"Basi jibu."

"Hakina."

"Anasema hakina!" dada akapaza sauti kuelekea jikoni, kama tuko barazani mbele ya wazee.

Ambakisye amempigia daktari. Nimeandikiwa vidonge, vimenunuliwa duka la dawa hapa mjini. Kuosha kusiachwe. Kuosha sasa ndiko muhimu kuliko siku zote, maana uchafu ukikaa humo, ndipo kuta zitashikana. Uvimbe ukipanda hadi jichoni, twende Mbeya papo hapo. Nimetazama kioo mara nyingi. Uko chini ya jicho. Ninaogopa meza ile. Ninaogopa moyo wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi dada alijaribu kuniosha. Maji ya kwanza yaliingia jichoni. Ya pili sikioni. "Mimi ninaona pua mbili," alisema, "niingize ipi?" Aliiweka chupa chini, akaketi, akafikiri. Kisha akamwita Tusekile.

Nilikataa. Nilisema haitawezekana, si katika nyumba yangu.

"Nyamaza," dada alisema. "Desturi imemkataza uso. Kisogo nani alikikataza?"

Dada ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki, akitamka, limetamkwa.

Ikafanyika hivi. Niliketi kwenye kigoda, nimeinamia beseni, taulo juu ya macho. Dada aliketi kando yangu, ameshika paji la uso wangu kwa kiganja ili Tusekile asilazimike kunigusa. Tusekile akaja kwa nyuma. Nilisikia miguu yake, kisha mkono ukapita ubavuni mwangu na chupa.

"Shangazi, nimefika?"

"Bado. Juu kidogo. Hapo. Hapo hapo."

Hakuminya kwa haraka. Alingoja nifungue mdomo. Maji yakaanza kama kitu kinachonong'ona, yakagota. Hakulazimisha. Aliachia, akangoja, akaminya tena, akaachia. Sijui alirudia mara ngapi. Hatimaye kitu kikaachia ndani ya uso wangu, karibu na jicho, kwa maumivu makali, kikatoka: gamba kubwa la damu iliyokauka na usaha, na maji yakaja nyuma yake kama mfereji uliozibuliwa.

"Lo!" dada akasema. "Imetoka nyumba nzima na fremu za madirisha."

Nilimsikia Tusekile akicheka nyuma yangu. Alikizuia kicheko upesi. Akaosha upande wa pili, akaondoka kama alivyokuja.

Miaka yote hii yeye ameinama nikipita. Leo nimeinama mimi, macho nimefumba, yeye amesimama. Nilitarajia fedheha. Sikuiona. Niliona kazi inayofanywa vizuri na mtu ambaye hakutaka kunidhalilisha wala kunipoteza.

Jumapili, 15 Juni

Homa imeshuka. Shavu limepungua.

Tumekuwa na utaratibu. Kabla ya kuminya, Tusekile anagonga ukingo wa beseni kwa kidole. Hapo najua, nafungua mdomo. Ninapotaka kupumzika, nami nagonga. Hatujasemezana neno. Sidhani kama nimewahi kuelewana na mtu vizuri hivi.

Dada anashika paji langu na kusimulia habari za Lupepo tangu mwanzo hadi mwisho. Nani ameuza shamba, nani amerudi na mke mpya. Siwezi kumjibu, mdomo wangu unasema "kaaa". Anafurahi sana.

Jumanne, 17 Juni

Dada amenishauri jambo. Amesema nimfungulie Tusekile, yaani nimwondolee kutila, ili aniangalie na kunisalimia kama binti. Zipo nyumba zilizofanya hivyo: baba mkwe hutoa zawadi, wazee wakashuhudia, basi. Nimekubali mara moja, hata dada akashangaa. Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka kumwambia ahsante, na mimi mwenyewe niseme, si kwa kupitia mtu.

Nimenunua kitenge kizuri sokoni kwa mkono wa dada. Ameenda nacho jikoni. Nilikaa sebuleni, nimevaa koti, tayari kusalimiwa.

Dada amerudi peke yake, anajifuta machozi ya kucheka.

"Kitenge amekipokea. Amesema ndaga fijo, ameshukuru kwa kupiga magoti kabisa. Lakini kutazamana hataki."

"Hataki? Kwa nini?"

"Anasema, 'Shangazi, nikimtazama baba usoni nitaanza kumwogopa. Nitamwambiaje ainame? Nitamgombezaje? Niacheni na kuku wangu kwanza.'"

Nilivua koti. Nilitaka kuudhika, nikashindwa. Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa. Nilidhani desturi inamfunga yeye. Kumbe ndani yake amejitengenezea chumba anamoweza kunisema bila kunivunjia heshima, na hakuwa tayari kukitoa kwa ajili ya kitenge. Ana haki. Ana akili kuliko sifa nilizompa, na nilikuwa nimempa nyingi.

Alhamisi, 19 Juni

Mbeya. Dada amenisindikiza. Presha ilipimwa, ilikuwa juu. Muuguzi akaniambia nitulie, jambo ambalo halijawahi kumtuliza mtu.

Daktari aliingiza kamera. Aliizungusha taratibu. Alisema, "Hapa kushoto pamewahi kuanza kushikana." Nikafumba macho. Akasema, "Pameachia. Pamefunguka vizuri. Kidonda kinapona."

Sirudi mezani.

Niliuliza mara mbili ili niwe na hakika. Alijibu mara mbili. Kisha akauliza nani ananiosha. Nikasema ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Akasema, "Kile kipindi cha usaha, angeacha hata kidogo tu, tungekuwa tunapanga siku ya kukulaza. Mfikishie shukrani zangu."

Nikasema nitamfikishia.

Dada ameunganisha gari kwenda kwake Lupepo. Nimefika nyumbani jioni, peke yangu. Tusekile alikuwa jikoni. Moshi ulikuwa unatoka. Nilisimama sebuleni na habari ile kifuani. Alikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama, na ndiye pekee niliyetaka aisikie. Hapakuwa na njia. Kumfuata jikoni haiwezekani. Mwanamume hamfuati mke wa mwanawe jikoni. Kupaza sauti kwa namna yake siwezi, sina kipaji hicho.

Nikampigia Ambakisye, Dodoma. Nikamweleza yote, na maneno ya daktari neno kwa neno. Akasema, "Ahsante Mungu," akakata simu.

Punde simu ikalia jikoni.

Nilisikia Tusekile akiitikia. Kisha kikapaa kigelegele kimoja, kikali, kilichopasua uani hadi barabarani. Kikakatika katikati. Alikuwa amekumbuka kwamba nimo ndani.

Nilikuwa bado nimevaa kofia ya safari. Niliivua, nikasimama hivyo, mpaka nikasikia sufuria zimeanza kugongana tena.

Jumapili, 22 Juni

Nimeamka mdomo umefungwa. Nimepumua kwa pua usingizini.

Mikono imetulia. Nimeosha mwenyewe, kulia, kisha kushoto. Maji yametoka meupe. Bado nitaosha kwa muda, daktari amesema, na sichukii tena.

Ukungu ulikuwa mwingi. Ng'ambo ya migomba Tusekile alikuwa anafagia, sikumwona. Nilipoanza kumimina, ufagio ulisimama. Nilipomaliza na kupenga taratibu, ukaendelea.